Barua ya wazi kwa wauzaji na wanunuzi wa programu za ofisi: acheni kuisingizia printa

Kwa wakurugenzi wa kampuni zinazotengeneza na kuuza programu za uhasibu, hospitali, shule, maghala na viwanda. Na kwa wakuu wa vitengo vya manunuzi na TEHAMA katika taasisi za Mwanza na Kanda ya Ziwa.

Waheshimiwa,

Karatasi ikitoka vibaya, anayeitwa ni fundi wa printa. Atafungua mashine, atafuta rola, atabadilisha tona, kisha atachapa ukurasa wa majaribio wa mashine yenyewe, nao utatoka safi. Mhasibu akirudi kubonyeza kitufe cha kuchapa kwenye programu yake, uozo ni ule ule, na fundi anaambiwa hajui kazi. Printa haiamui chochote. Inatekeleza baiti inazoletewa, na baiti hizo zimeandikwa na programu mliyoiuza au mliyoinunua.

Sisi tunaohudumia printa na mitambo ya uchapaji hapa mjini, kuanzia Kirumba hadi Igoma na Nyegezi, tuna jambo moja la kuwaambia. Kile programu inachokipeleka kwa printa ni sehemu ya programu, kama zilivyo hesabu zake, na kinastahili kukaguliwa kwa ukali ule ule. Kwa sasa kinaachwa hadi wiki ya mwisho kabla ya kukabidhi kazi, anapewa kijana mgeni kazini akimalize, na kikitoka mara moja kwenye printa ya ofisini kwenu mnasema kimekamilika.

Tuanze na mabano. Kampuni nyingi nchini zimesajiliwa kwa majina yenye (T) kabla ya neno Limited. Katika lugha ya PostScript, ambayo Adobe waliitoa mwaka 1984 na bado iko ndani ya printa nyingi za ofisi, maandishi huwekwa ndani ya mabano: kuchapa neno samaki unaandika (samaki) show. Mabano ya ndani hayana shida mradi yafungwe, kwa hiyo jina zima lenye (T) hupita salama na anayejaribu programu haoni kitu. Balaa huja pale programu inapolikata jina ili litoshe kwenye safu. Chukua jina la mfano tu, Wauza Nyavu wa Ziwa (T) Limited, na safu ya herufi 22. Kata inaangukia baada ya T, na printa inapokea (Wauza Nyavu wa Ziwa (T) show. Mabano mawili yamefunguka, moja limefungwa. Kuanzia hapo printa inadhani kila kinachofuata bado ni jina la mteja: namba ya ankara, kiasi, amri za kuchora mistari, vyote vinamezwa hadi faili inaisha. Mwishoni inatema syntaxerror, au haitoi kitu kabisa. Taa inapepesa, inazima. Orodha ya wateja 300 imekufa kwa sababu ya mteja mmoja, na ofisini wanasema printa haipendi orodha ndefu.

Dawa yake ni mistari michache ya msimbo: kila bano na kila alama ya \ iliyo ndani ya maandishi itanguliwe na \. Lakini angalieni mpangilio. Kata jina kwanza, ndipo uweke hizo alama. Ukiziweka kwanza kisha ukakata, kata inaweza kuangukia baada tu ya \, nayo itageuza bano la kufungia kuwa herufi ya kawaida, na ugonjwa unarudi ukiwa umejificha zaidi. Tumeyaona yote mawili kwenye programu zinazolipiwa leseni kila mwaka.

Kosa la pili ni dogo kwa baiti na kubwa kwa madhara. Printa ya leza haichapi mstari kwa mstari. Inakusanya ukurasa mzima kwenye kumbukumbu, na inautoa pale tu inapoambiwa ukurasa umekwisha. Kwenye PCL, lugha ya HP, amri hiyo ni baiti 0C (baiti tunaziandika kwa namba za heksadesimali), au amri ya kuanza upya, 1B 45. Kuna programu zinazopeleka baiti moja kwa moja bila kupitia drayva, ile programu ndogo inayotafsiri kazi kwa lugha ya printa, na zinasahau kufunga ukurasa wa mwisho. Ukurasa huo unabaki ndani, taa inawaka-waka, mtumiaji anaondoka. Kazi inayofuata ikianza bila 1B 45, maandishi yake yanachapwa juu ya yale yaliyobaki. Katika maabara ya hospitali maana yake ni majibu ya mgonjwa mmoja kutoka kwenye karatasi ya mwingine. Hapo tumeshavuka suala la karatasi kuharibika. Ni siri ya mtu, na huenda ni dawa asiyostahili kupewa. Wengine, kwa woga wa kosa hilo, huweka 0C mbili, na kila kazi inafuatwa na karatasi tupu.

Mpangilio sahihi si siri. Anzeni na baiti tisa za kutoka kwenye lugha yoyote iliyokuwepo, yaani 1B ikifuatiwa na %-12345X. Kisha 1B 45. Kisha ukubwa wa karatasi, ambao kwa A4 ni 1B ikifuatiwa na &l26A. Kisha kurasa, zikitenganishwa kwa 0C. Mwisho 1B 45 tena, na zile baiti tisa tena. Anayepeleka PostScript ahakikishe herufi %! ndizo za kwanza baada ya kubadili lugha, bila mstari mtupu wala baiti 04 mbele yake. Baiti hiyo moja inatosha kuichanganya printa inayobahatisha lugha ikaichapa programu yenyewe kama maandishi, kurasa kwa kurasa za msimbo, mpaka mtu aikimbilie swichi. Hivyo ndivyo rimu inavyoisha bila hata ukurasa mmoja wa kazi kutoka.

Ofisi zinazotumia printa za pini kwa ankara za nakala tatu zina tatizo la jamii hiyo hiyo. Programu inahesabu mistari 66 kwa ukurasa, yaani inchi 11 kwa mistari sita kwa inchi, halafu inasukuma karatasi kwa mistari mitupu. Mkinunua karatasi yenye matundu ya inchi 12, kichwa cha kila ankara kinapanda inchi moja kuliko kilichotangulia, na baada ya ankara moja au chache maandishi yanapita juu ya mkunjo. Kwa printa za mtindo wa Epson, 1B 43 00 0C inasema ukurasa ni inchi 12. Baada ya hapo 0C moja mwisho wa kila ukurasa inatosha, na hakuna haja ya kuhesabu mistari.

Sasa ukubwa wa karatasi. Tanzania tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Marekani wanatumia Letter, takribani milimita 216 kwa 279. Programu nyingi zinazofika hapa zimezaliwa na Letter ndani ya msimbo, na hakuna aliyeitoa. Matokeo ni ya aina mbili. Printa yenye nidhamu inasimama na kuandika LOAD LETTER, na mfanyakazi anajifunza kubonyeza OK kila kazi hadi anadhani ndivyo mashine zilivyo. Printa isiyojali inachapa tu. Kwa kipimo cha pointi, ambapo inchi moja ni pointi 72, Letter ina upana wa 612 na A4 ina 595. Pointi 17 zinakosa pa kukaa, yaani milimita 6 upande wa kulia, na upande wa kulia ndiko iliko safu ya jumla. Kwa sababu PostScript inapima kuanzia kona ya chini kushoto, juu kunabaki uwazi wa milimita 18 hivi, na watu wanalalamikia uwazi huo wakati kinachoumiza ni tarakimu zilizoliwa.

Na hizo tarakimu zenyewe! Safu ya kiasi yenye nafasi 12 huenda inatosha kwa nchi ambayo milioni ni hela nyingi. Sisi tuna shilingi. Andika 1,250,000,000.00 na umetumia nafasi 16. Programu inayokata kushoto ili kubakiza nafasi 12 itachapa 0,000,000.00, na bilioni moja na robo imegeuka sifuri kwenye karatasi yenye muhuri. Safu ya kiasi isikatwe kamwe. Namba isipotosha, punguzeni ukubwa wa fonti au programu igome kwa sauti.

Kinachochelewesha kazi kuliko vyote ni picha. Watengenezaji wavivu hawapeleki maandishi. Wanauchora ukurasa mzima kama picha na kuisukuma hiyo. A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni nukta 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7. Kwa rangi ya kijivu ni megabaiti 8.7 kabla ya kubanwa. Kwa rangi tatu ni 26. Ukurasa huo huo ukipelekwa kama maandishi, baiti zake ni elfu chache, na fonti inapelekwa mara moja tu. Shule ikichapa ripoti za wanafunzi 600 kwa mtindo wa picha za kijivu, ni gigabaiti 5.2. Printa yenye kumbukumbu ndogo inaandika kwamba haitoshi, au inatoa nusu ya juu ya ukurasa na kuanza ukurasa mwingine, na mwalimu mkuu anashauriwa anunue printa mpya.

Hata pale maandishi yanapopelekwa vizuri, nembo huvuruga kila kitu. Mtu amepiga picha nembo ya shule kwa simu, nukta 3000 kwa 3000 za rangi, na programu inaipunguza kwa macho tu hadi sentimita 2.5 huku ikipeleka megabaiti zote 27. Kwa sentimita 2.5, nukta 300 kwa 300 zinatosha kabisa, nazo ni kilobaiti 270, pungufu mara mia. Halafu inaipeleka upya kila ukurasa. Lugha zote kubwa zina njia ya kuhifadhi kitu kinachojirudia: PCL ina makro, PostScript tangu Level 2 ina execform, PDF ina vitu vinavyoitwa XObject. Pelekeni nembo mara moja, kisha iiteni kwa jina. Nakala nazo ni hivyo hivyo: anayetaka nakala 50 aiambie printa namba 50, asirudie kazi mara 50.

Risiti zina hesabu yake. Printa ya joto ya karatasi ya milimita 80 huwa na nukta 576 kwa upana, ambazo ni baiti 72 kwa kila mstari wa nukta, na ina mistari minane kwa milimita. Risiti ya sentimita 20 ikichorwa kama picha ni mistari 1600, yaani baiti 115,200. Kwa waya wa serial wa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, unaopitisha baiti 960 kwa sekunde, mteja atasubiri dakika mbili. Risiti hiyo kwa maandishi haizidi baiti 2,000 hivi, sekunde mbili. Foleni ya mwaloni, kwenye soko la samaki, asubuhi, mizigo ya dagaa ikiwa inapakiwa, haina subira ya dakika mbili kwa kila mtu. Msimbo wa QR nao usichorwe kama picha pale printa inapojua kuuchora yenyewe. Mnaipa maandishi ya ndani tu.

Na msidhani karatasi zote ni za milimita 80. Mashine ndogo za mkononi hutumia milimita 58, herufi 32 kwa mstari badala ya 48. Programu iliyopangwa kwa 48 ikichapa humo, herufi 16 za mwisho zinashuka mstari wa chini, na kiasi cha bidhaa ya kwanza kinaonekana kama cha ya pili. Tumeona watu wakigombana kwa sababu hiyo. Upana uwe chaguo kwenye mipangilio.

Kisha kuna ng'. Huku kwetu herufi hiyo haikwepeki: kuna ng'ombe, kuna Nyang'hwale, kuna majina ya watu kwa maelfu. Programu au simu inaibadilisha alama ile iliyonyooka kuwa iliyopinda, na printa ya risiti, ambayo ikiwashwa huanza na jedwali la zamani la herufi namba 437, haiijui. Ikipelekwa kwa mpangilio wa Windows 1252, baiti ni 92, na inachapwa NgÆombe. Ikipelekwa kwa UTF-8, mpangilio mwingine wa herufi, ni baiti tatu, na inachapwa NgΓÇÖombe. Mkiona mojawapo kwenye risiti, mmeshajua kosa liko wapi bila kufungua msimbo. Kwa alama hii moja, tiba nyepesi ni kuirudisha kuwa 27, alama iliyonyooka, kabla ya kupeleka. Kwa herufi nyingine chagueni jedwali kwa 1B 74 na namba yake. Kwa printa za Epson, 16 ndiyo Windows 1252.

Viwanda vya sangara vinachapa lebo za maboksi ya minofu, na msomaji wa msimbo-mistari (barcode) anapogoma, lawama huenda kwa ubaridi au kwa utepe wa wino. Mara nyingi kosa ni kwamba programu imechora mistari kwa nukta 96 kwa inchi, kisha ikaikuza hadi 203. Ukuzaji huo ni mara 2.11, kwa hiyo mistari iliyopaswa kulingana mingine inapata nukta mbili na mingine tatu. Kwa macho inaonekana sawa, kwa mashine ni namba nyingine au si namba kabisa. Kwenye ZPL, lugha ya printa za lebo, mwachieni printa aichore: ^BY na idadi kamili ya nukta kwa mstari mwembamba, na ^PQ kwa idadi ya lebo.

Tunaochapa vitabu tuna malalamiko yetu, na hapa tunasema na wale wanaotoa faili za PostScript au PDF kwa ajili ya mitambo. Kanuni za kupanga faili ya PostScript, toleo la 3.0, zipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zinataka utangulizi wenye taratibu zote, %%Pages kwa idadi, %%Page mwanzo wa kila ukurasa, na kila ukurasa ujitegemee. Mnapofafanua fonti ndani ya ukurasa wa kwanza na kuitegemea kwenye wa tisa, hatuwezi kupanga kurasa upya kwa ajili ya kijitabu, wala kuchapa upya kuanzia ukurasa wa 212 karatasi ilipokwama. Mnapoandika initmatrix au initgraphics mwanzo wa kila ukurasa, mnafuta vipimo tulivyoviweka, na kurasa mbili tulizotaka zikae ubavu kwa ubavu zinalaliana. Mnapoita setpagedevice, amri ya kupanga mipangilio ya mashine, kila ukurasa, kuchapa pande mbili kunavunjika: kila ukurasa unaanza karatasi mpya. Hayo yawekwe mara moja, kwenye maandalizi ya mwanzo.

Kuhusu mistari: 0 setlinewidth inamaanisha mstari mwembamba kuliko yote ambao mashine inaweza. Kwenye leza ya nukta 300 unaonekana vizuri. Kwenye mtambo wa bamba wa nukta 2400 ni mia moja ya milimita, na jedwali lote linapotea. Wekeni pointi 0.25 au zaidi. Maandishi meusi yawe 0 setgray, yasiwe picha ya rangi tatu. Mashine za rangi huweza kuyachapa kwa wino nne, na mteja analipia ukurasa wa rangi kwa barua isiyo na rangi.

Drayva nazo zina makosa yake, hatukatai. Lakini drayva hurekebishwa na printa hubadilishwa, na haya tuliyoyataja yanafuata programu kila inakokwenda.

Sasa ninyi wanunuzi, maana bila ninyi hakuna kitakachobadilika. Kabla ya kusaini mapokezi, ongezeni kwenye Windows printa ambayo mlango wake ni FILE:, chapeni humo, mpate faili. Gawanyeni ukubwa wake kwa idadi ya kurasa. Ukurasa wa maandishi matupu ukizidi kilobaiti 200, sisi tungeuliza kwa nini. Kama programu inatoa PDF, jaribuni kunakili jina la mteja na kulibandika kwingine. Likigoma au likitoka takataka, mmeuziwa picha au fonti isiyo na jedwali la herufi. Mwenye Ghostscript, programu ya kusoma PostScript na PDF, apitishe PDF hiyo hivi: gs -o - -sDEVICE=inkcov faili.pdf. Kila ukurasa utatoa namba nne, na kwa barua nyeusi tatu za kwanza ziwe sifuri.

Data ya majaribio isiwe ya muuzaji. Wekeni jina lenye (T) lililo refu kuliko safu, jina lenye ng' lililoandikwa kwa simu, kiasi cha tarakimu kumi, na orodha ya kurasa 40 za pande mbili kwenye A4. Chapeni kwenye printa mbili za aina tofauti, na mojawapo iwe ile kuukuu kuliko zote mlizonazo. Mara kazi inapokwisha, pelekeni nyingine papo hapo kutoka kwenye kompyuta ya pili, muone kama kuna kilichobaki ndani. Matokeo yaambatanishwe kwenye mkataba kama karatasi zilizochapwa, si picha za skrini, na awamu ya mwisho ya malipo ishikiliwe hadi yote yatoke sawa.

Nanyi watengenezaji, wekeni kwenye kila programu kitufe cha kuhifadhi baiti zinazokwenda kwa printa, ili tukipata hitilafu tuwatumie faili yenyewe badala ya kuielezea kwa simu. Faili hiyo ifutwe majina ya watu kabla ya kutumwa, na isomwe na aliyeandika msimbo.

Wenu,
Mafundi wa printa na wachapaji, Mwanza